Friji la Mama

Mbinga,
Alhamisi asubuhi

Kaka yangu mpendwa Ladislaus,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songea, wewe na wifi Eliza na watoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la chaki kimekuachia. Kwa desturi hapa ningeandika kwamba sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali. Leo siwezi. Hofu yote iko huku, wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka mlangoni.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Tangu Jumapili nimepiga mpaka yule mwanamke anayesema namba haipatikani nimeanza kumchukia kama vile ni jirani yangu. Najua umekasirika. Ulisema hutaki kusikia habari za Mama mpaka aache kula kwa kujificha, na kwamba mimi ninayemtetea ni mwenzake. Basi barua hii nampa dereva wa basi la Songea, na nitamwapisha akukabidhi mkononi, asimwachie mlinzi wa shule. Nakuomba uisome yote, hata ukifika mahali ukatamani kuichana.

Kwanza hali ya Mama. Kidonda cha mguu wa kushoto kimekuwa cheusi mpaka juu ya kifundo. Daktari anasema mguu ukatwe chini ya goti kabla ya Jumamosi, la sivyo sumu itapanda na tutampoteza. Mama amekataa kuweka dole gumba kwenye karatasi. Haogopi kisu. Anasema mguu ameuharibu mwenyewe kwa tamaa ya tumbo, hivyo hana haki ya kuwasumbua watu wauhangaikie. Nesi Bonifasia anayemhudumia amembembeleza mpaka ameishiwa maneno. Mimi nimelia, nimepiga magoti, nimefoka. Anageukia ukutani tu na kuvuta blanketi.

Nikurudishe nyuma kidogo, ulipomjengea jiko. Ulinitumia picha kwenye simu, oveni imezamishwa ukutani usawa wa kifua ili Mama asiiname na mgongo wake ule, na friji limesimama pembeni. Ukaniambia nisihadaike na urembo, nitafute vitu imara ambavyo vipuri vyake vinapatikana huko Songea. Ulikuwa na shule ya kuendesha, na mimi ndiye ninayekaa na Mama Mbamba Bay, kwa hiyo kuchagua kukaniangukia mimi. Nilijiona mtu mkubwa, Kaka. Hakuna aliyewahi kuniachia jambo la maana namna ile.

Oveni niliichagua kwa moyo wangu wote. Nilipanda gari mara nne kuja Mbinga dukani kwa Fakihi. Alinifundisha kubana kipande cha karatasi kwenye mlango na kukivuta. Kikitoka kirahisi, mpira umelegea na moto utavuja. Nikabana karatasi kwenye kila mlango uliokuwamo dukani mpaka wateja wengine wakanicheka. Niliikataa ile yenye taa za buluu na vitufe vya kugusa, nikachukua ya vishikizo vya kuzungusha, maana hiyo hata fundi wa Mbamba Bay anaweza kuifungua. Fundi Alphonce akajenga shimo ukutani, akaacha nafasi ya hewa nyuma, akavuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye swichi kuu. Jirani yetu Ephrasia alipoiona mara ya kwanza alidhani ni runinga, akauliza mbona tumeiweka jikoni. Mama naye akaanza kukaushia usipa humo, wale dagaa wetu wa ziwani, nguo zetu zikanuka usipa hadi kanisani. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa. Oveni ile mpaka leo haijasumbua hata siku moja.

Friji ndilo lililokuwa la lazima, kwa ajili ya insulini ya Mama. Unakumbuka kabla ya hapo chupa zake zilikaa kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowanishwa, kama alivyotuelekeza nesi Beata wa zahanati. Zilikaa hivyo miaka miwili, na sukari ya Mama ilikuwa ikisomeka vizuri. Lakini wewe uliona aibu dawa ya mzazi wako kukaa mchangani kama viazi, nami nikakuunga mkono. Friji lilifika Februari. Picha ya oveni nilikutumia siku ileile. Ya friji nilikuambia simu imeisha chaji, na tangu Krismasi hujafika nyumbani ukajionea.

Kuanzia Machi sukari ikapanda. Beata akaongeza kipimo cha sindano, ikazidi kupanda. Mwezi wa tano ile mashine ndogo ikaacha kabisa kutoa namba, ikawa inaandika tu kwamba imezidi. Beata aliniuliza kama dawa inakaa kwenye friji, nikajibu ndiyo. Basi likabaki jibu moja, kwamba Mama anakula vitu kwa siri. Ephrasia akasema aliwahi kumwona na muwa. Ulipopiga simu ile ya mwezi wa sita, ukaomba niweke sauti kubwa wote wasikie, ukamwambia Mama mbele ya majirani kwamba unachoka kumtibu mtu asiyetaka kupona. Mama aliapa kwa Bikira Maria kwamba hajaonja hata chai ya sukari. Ukakata simu. Tangu siku ile akawa anakula majani ya maboga matupu, kijiko kwa kijiko, huku akinitazama ili nimwone.

Wiki mbili zilizopita alianguka kwenye ngazi za kanisa tukamleta huku. Hapa hospitali walimchoma dawa yao, na kwa siku mbili sukari ikashuka. Daktari akasema kwa nia njema tu kwamba mnaona, akiwa chini ya ulinzi dawa inafanya kazi. Nilikuwepo. Nilimwona Mama akiyasikia maneno hayo, nikaona uso wake ukibadilika. Jioni aliniambia polepole kwamba labda ni kweli. Labda alikuwa anakula akasahau. Uzee unamchezea, mikono yake inafanya mambo asiyoyajua. Jumanne padri alipopita wodini, Mama aliungama ulafi.

Kaka, Mama hakula kitu.

Kile nilichonunua si friji. Ni friza, lile sanduku la kulala la kugandishia samaki. Kule kwetu ziwani kila mtu analiita friji, nawe ulisema friji, Beata naye akasema friji, na mimi nikajificha ndani ya neno hilo. Sikukosea. Fakihi alikuwa na friji la milango miwili, bei ileile, mpira umebana vizuri kuliko yote, na alinisihi nilichukue. Nilipomwambia kuna dawa ya sukari aliniambia waziwazi kwamba lile lingine linagandisha tu, dawa nisitie humo, na akayarudia maneno hayo wakati vijana wanalipakia. Nilimjibu kwamba nimeelewa. Nilikuwa nawaza mbasa, samaki wangu wa biashara. Miaka sita nimeuza samaki nikiomba barafu kwa watu, gari likichelewa kupanda Mbinga namwaga beseni zima huku mbwa wananisubiri. Nikasema moyoni kwamba hii ni mara moja, kitu kimoja kitatufaa wote, dawa nitaifunga taulo niiweke juu kabisa.

Wiki ya kwanza tu chupa zikatoka barafu. Niliziyeyusha viganjani, zikawa maji meupe kama kawaida, nikamchoma. Beata alikwishatufundisha mimi na Mama kwamba iliyoganda ni ya kutupwa, hata ikiyeyuka. Nilikuwa nimekaa pale, nilisikia kwa masikio haya. Mama haoni vizuri, sindano nampiga mimi, nani angejua? Siku moja alisema dawa siku hizi ina baridi, nikamwambia ndiyo uzuri wa friji. Kurudi kwenye chungu kungetaka maelezo, na kila siku niliyonyamaza iliyafanya maelezo kuwa magumu zaidi. Halafu watu walipoanza kumlaumu yeye, nilinyamaza tena. Ulipomgombeza kwenye simu, Kaka, mimi ndiye niliyekuwa nimeishika. Siku nyingine mimi mwenyewe nilimpekua chini ya godoro kutafuta muwa, nikijua sitaukuta.

Jana sikuweza tena. Nilimwambia daktari kila kitu, akaandika kwenye faili, hakunitukana, ingawa nilitaka anitukane. Kisha nikaenda kwa Mama. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, mwanzo mpaka mwisho, samaki, taulo, barafu. Alinisikiliza. Akanishika mkono, akasema nina moyo mzuri kama wa marehemu Baba, lakini nisijitwishe dhambi yake ili akubali kukatwa mguu. Niliapa. Nesi Bonifasia akasema daktari naye ameandika hivyo. Mama akatabasamu, akasema basi nimewapanga wote waseme hivyo. Haniamini, Kaka! Nimesema uongo miezi mitano akaniamini, nimesema kweli siku moja amekataa.

Aliyemhukumu ni wewe, na neno lako kwake ni neno la mwisho, tangu ulipokuwa darasa la saba ukamsomea barua za Baba. Mimi naweza kusema mpaka sauti ikauke, haitasaidia. Panda basi la leo mchana. Ukishindwa, piga simu ya nesi Bonifasia, namba nimeiandika nyuma ya bahasha, ampelekee Mama kitandani. Usianze na mguu. Mwambie unajua hakula. Mwambie umeuona ukweli wewe mwenyewe, hata kama hujauona bado. Mimi utanifanya utakavyo baadaye, nitakaa chini nisikilize.

Wasalimie wifi na watoto, na walimu wenzako wanaonifahamu. Benadetha mama mkwe wako alipita jana kumwona mgonjwa, na anawasalimu. Mama hakuniagiza salamu. Aliniagiza nimwombee msamaha kwako kwa mambo aliyoyala, na hilo peke yake, Kaka, nimekataa kuliandika.

Ni mimi mdogo wako,
Hildegardi