Pai Nzima ya Lavonne

Havlin, Nebraska
Oktoba 4, 2011

Mpendwa Darlene,

Natumai barua hii itakukuta u mzima pamoja na mumeo na watoto, na kwamba huko Spokane baridi haijaanza kuuma. Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu anayepumua kwa mpira puani. Daktari amesema moyo umechoka. Aliposema hivyo aliangalia viatu vyake, nami nikaelewa. Huku mahindi yamekwisha kuvunwa. Shamba lenu linalimwa na watu wa mbali ambao hata sura zao hatuzijui. Nyumba wameibomoa, ila kinu cha upepo bado kimesimama.

Samahani kwa mwandiko. Ulipokuwa darasani kwangu ningekukata alama kwa mwandiko kama huu.

Nakuandikia kuhusu bastola ya baba yako, ile ya risasi sita aliyokuja nayo babu yako Vaclav, yenye mshikio wa mti wa jozi. Unajua ninayo, kwa sababu ulikuwepo nilipoinunua. Nataka irudi kwako kabla sijaondoka. Siku ile ya mnada marehemu mke wangu Lavonne ndiye aliyenihimiza. Ulimsikia, kila mtu alimsikia. Simlaumu marehemu, nasema tu ndivyo ilivyokuwa. Sikupaswa kumsikiliza.

Niambie nikukabidhi kwa njia gani.

Mjomba wako,
Vernon

*

Spokane
Oktoba 19, 2011

Mwalimu Haase,

Barua nimeipata. Pole kwa moyo. Sisi ni wazima. Nakujibu kwa sababu mama alinilea nisiache salamu ya mtu ikaning'inia.

Umejiita mjomba. Ni kweli nilikuita hivyo. Kila Jumapili baada ya chakula baba alikuwa akiitoa ile bastola kwenye soksi ya sufu, anakupa uishike, na wewe unaishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mama alikuwa anakutania: "Vernon, ibusu basi, tumalize." Kwa hiyo najua uliipenda. Nami niliipenda kwa sababu ilikuwa ya baba, na baba alikuwa amekufa miezi mitatu tu, na benki ilikuwa inauza mpaka ndoo za kukamulia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilihudumia meza za watu majira yote ya baridi ili siku ile nipate kitu kimoja. Unajua desturi ya kwetu kuliko mimi: mtoto wa mwenye shamba akiinua mkono, wengine wote hutia yao mfukoni. Nao walitia. Niliwaona, wanaume wazima wakiangalia mawingu. Dalali alishaita mara ya pili. Ndipo nikasikia sauti ya mkeo: "Inua mkono, Vernon! Inua!" Nawe ukainua, ukainua tena, mpaka nikaishiwa.

Sauti ile nimelala nayo na kuamka nayo miaka ishirini na mitano. Bernadine Sousek aliponipigia simu kwamba Lavonne amefariki, nilimwuliza, "Wamemzika na ile bastola?" Sijivunii maneno hayo.

Sitaki bastola. Ila nijibu swali moja. Ulisimama kando ya tela la nyasi, hatua kumi kutoka kwangu. Uliniona?

Darlene Kubicek

*

Havlin
Desemba 8, 2011

Mpendwa Darlene,

Natumai bado hamjambo. Nimechelewa wiki saba. Tatu nilikuwa hospitali. Nne nilikuwa mwoga.

Nilikuona. Ulivaa koti jekundu la mama yako, na mikono yake ilikuwa mirefu kwako. Ulipoinua mkono, vidole tu ndivyo vilivyoonekana.

Sasa nitakuambia yote kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikiwataka ninyi muandike insha zenu.

Asubuhi ile, garini, Lavonne aliniuliza, "Watoto wa Emil hawaitaki ile bastola?" Nikasema hawaitaki. Nikaongeza kwamba baba yako Emil mwenyewe aliniambia niichukue mimi. Uongo juu ya uongo, nami nimeshika usukani, naangalia barabara. Akafurahi. "Basi ichukue, mzee. Miaka thelathini na nne unafundisha watoto wa watu, hujajinunulia hata kofia. Leo ukirudi mikono mitupu utalala na kuku." Tukacheka njia nzima.

Lavonne alikuwa mfupi, utamkumbuka. Mbele yake palikuwa na migongo ya wanaume na makoti yao. Hakuona koti jekundu. Alisikia tu dalali akiita na mimi nikinyamaza, akadhani ni ubahili wangu uleule. Ndipo akapaza sauti. Alikuwa akinipa ruhusa ya kupata kitu ninachokipenda, hakuna zaidi. Mimi ndiye niliyejua ninachukua kwa nani.

Njiani kurudi akaniuliza nani alikuwa akishindana nami. Nikasema, "Mchuuzi kutoka Omaha." Akanipiga begani. "Afadhali imebaki kwa rafiki yake Emil."

Jumapili iliyofuata alipeleka pai yake ya cheri kwenye chumba cha chini cha kanisa, kwa ajili ya kahawa baada ya ibada. Pai za wenzake zote zilikwisha. Yake ilibaki nzima kama alivyoileta. Akadhani ameizidishia chumvi. Wiki ya pili akaoka nyingine, akauonja unga kwanza. Ikabaki nzima. Kwa Jumapili sita, Darlene, mke wangu alirudi nyumbani na pai nzima mapajani, ananiuliza amekosea nini, nami naendesha, najua, kimya.

Wiki ya saba mtu akamwambia dukani. Aliporudi hakupiga kelele. Alisema, "Ulimwona yule msichana?" Nikasema sikumwona. "Sema tena ukiniangalia." Nikaangalia kikombe. "Irudishe, Vernon." Nikasema kesho. Alinikumbusha mara nyingi baada ya hapo, na kila mara ilikuwa kesho. Siku moja nilimwuliza kwa nini asiwaambie tu wanawake wenzake kwamba nilimdanganya. Akasema, "Mimi sitamshitaki mume wangu mbele ya kahawa. Wewe una mdomo." Alikaa benchi la nyuma kanisani mpaka alipokufa, na mimi nilikaa pembeni yake, watu wakinipa mkono na kunionea huruma kwa kuoa mwanamke mwenye tamaa. Niliipokea ile huruma.

Kuna jambo la bastola yenyewe. Sisi wakusanyaji wa silaha za kale tuna sharti moja, na mimi nimelihubiri kwenye maonyesho mengi: chuma cha zamani hakisuguliwi. Alama za mikono ya watu ndizo zinazokifanya kiwe kitu. Lakini karibu na nyundo, kile chuma kinachopiga risasi, palikuwa na mahali ambapo rangi imeliwa na dole gumba la babu yako, kisha la baba yako, na kila nilipoishika, dole langu lilikwenda palepale lenyewe. Nikashindwa kuvumilia. Nikaipeleka kung'arishwa. Sasa inameta kama sufuria jipya, na hakuna mkusanyaji atakayeitazama mara mbili. Mbao za mshikio niliomba nirudishiwe. Zina mkwaruzo wa meno yako ya utotoni, baba yako alikuwa akinionyesha. Nimezifunga kwenye leso ya Lavonne.

Kiangazi kilichopita nilikuwa natafuta kifungo ndani ya kikapu chake cha kushonea. Chini kabisa nikakuta bahasha ninayokutumia humu. Ina anwani yako, muhuri wa mwaka 1991, na mwandiko wako: "Irudishwe kwa aliyeiandika." Haijafunguliwa. Sikuwahi kujua alikuandikia. Ilikuwa mezani mbele yangu nilipokuandikia Oktoba, na bado nikasema yeye ndiye aliyenihimiza. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, kuliko hata moyo.

Sina haki ya kuifungua. Wewe unayo.

Sijui nijiite nani hapa chini.

Vernon

*

Spokane
Desemba 20, 2011

Mwalimu Haase,

Natumai uko nyumbani na si hospitali.

Bahasha niliiweka juu ya friji siku mbili. Mume wangu akasema, "Darlene, hiyo si nyoka." Nimeifungua jana. Nakunakilia, maana ni fupi, na nadhani unastahili kuisoma kwa uchungu wote:

"Mpenzi Darlene, kosa la ile bastola ni langu. Vernon hakukuona, alikuwa ameinama. Mimi nilikuona vizuri na bado nikamsukuma. Kama ni lazima umchukie mtu, nichukie mimi, maana yeye alimpenda sana baba yako na hajapata rafiki mwingine. Akiwa peke yake mezani ukamwandikia hata salamu tu, nitashukuru. Lavonne Haase."

Alijua ulisema uongo, akauchukua, akauvaa yeye. Na mimi nikaurudisha kwa posta bila kuufungua.

Nimekuwa na hasira na wewe siku hizi zote, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Miaka yote hii nimemsimulia kila mtu juu ya sauti ya mwanamke yule. Watoto wangu wanaiigiza mezani.

Usinitumie chochote. Uliyoniambia mimi, waambie wale waliokuwa wakinywa kahawa. Chumba kilekile, baada ya ibada, ukiwa umesimama. Usimpe mchungaji akusomee. Bila hilo sitaki barua nyingine.

Darlene

*

Havlin
Januari 9, 2012

Mpendwa Darlene,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Sijambo kidogo.

Barua yake uliyoninakilia nimeisoma mara moja tu. Siwezi mara ya pili.

Nimefanya jana. Ngazi za kushukia chini ya kanisa ni kumi na moja. Nilipumzika mara tatu. Wamebaki wachache: Bernadine, Irma Vondra, wengine watano au sita wa zamani, na vijana ambao hawajui habari hizi. Niliposimama na mtungi wangu wa oksijeni, Bernadine akasema, "Kaa, Vernon. Ukianguka hapa hakuna mwenye mgongo wa kukuokota." Nikawaambia nisikilizeni kwanza, ndipo nianguke.

Nilisema yote. Garini, koti jekundu, mchuuzi wa Omaha. Nilisema Lavonne hakukuona, mimi nilikuona. Nilisema pai sita.

Kisha Bernadine: "Miaka ishirini na mitano! Ulikuwa unangoja tufe sote?"

Nikasema, "Nadhani ndiyo."

"Na tumekuwa tukikuombea wewe," akasema Irma. "Wewe!"

Bernadine alikunja kitambaa cha karatasi. Halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba moja ya zile Jumapili alibaki jikoni peke yake akavunja kipande cha ukingo wa pai ya Lavonne, kidogo kama kucha. "Ilikuwa nzuri," akasema. "Kuliko yangu. Nikaugeuza upande uliovunjika ukutani ili asijue." Akaanza kulia, mwanamke wa miaka themanini na nane, na sikuwa na haki ya kumfariji.

Hakuna aliyenipa mkono. Ni sawa. Nilipanda zile ngazi peke yangu, na sikutaka iwe vinginevyo.

Sikuombi kitu. Nimekuarifu tu kwamba limefanyika.

Vernon

*

Spokane
Januari 17, 2012

Mwalimu,

Natumai bado unapumua. Bernadine alinipigia simu usiku uleule, kwa hiyo nilijua kabla ya barua yako.

Nitafika Jumamosi ya tarehe 28. Usife kabla ya hapo, tiketi hairudishwi.

Ile inayometa ifanye upendavyo, siijui. Zile mbao niwekee mezani, ndani ya leso yake, usizifungue. Lakini kwanza utanipeleka alipozikwa. Hata kama kuna theluji hadi magotini, tutakwenda polepole, na mtungi nitaubeba mimi.

Nimejifunza kuoka pai ya cheri wiki hii. Ya kwanza iliungua, ya pili watoto wameimaliza. Ya tatu nitakuja nayo mapajani, kwenye ndege, nzima.

Kisu lete wewe.

Darlene, binti wa Emil