Njiti Ambayo Baba Hakuweza Kuizima

Jumanne, 14 Septemba 1976. Asubuhi ukungu mzito, kisha manyunyu. Jua halikutoka mpaka saa nne.

Leo adhana ya alfajiri ilikatika.

Nilikuwa jikoni nikiosha vyombo vya daku. Sauti ya Baba ilikuja kutoka msikitini kama siku zote, maana msikiti wetu hauna kipaza sauti, una Baba tu. Akafika pale anapowaambia watu kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Akayaanza maneno hayo, hakuyamaliza. Kikafuata kikohozi kirefu, nadhani mtaa mzima ulikisikia. Kisha sauti nyingine ikamalizia. Ilikuwa ya Kassimu, jirani yetu dereva.

Mama alisimama na birika mkononi. Hatukutazamana.

Baba aliporudi alisema ni ukungu. Imamu amemwambia apumzike, Kassimu aadhini mpaka sikukuu. Baba amemwomba amwachie alfajiri ya kesho, hiyo moja tu. Akishindwa, atakaa pembeni mwenyewe.

Ndiyo maana alikubali kwenda kwa daktari, jambo ambalo nimembembeleza tangu mwaka jana. Alitaka dawa ya kumfikisha kesho.

Njiani askari wa kizuizi cha barabarani walitushusha sote kwenye teksi. Baba alichelewa, ameshika mlango, anatafuta pumzi. Niliogopa, kwa sababu siku hizi za utawala wa kijeshi anayechelewa huonekana ana kiburi.

"Mzee, unangoja tukubebe?"

"Afande," Baba akajibu kwa Kiswahili chake cha jeshini, "miguu iko. Pumzi ndiyo iko nyuma."

Askari akacheka, tukapita. Nimemshukuru Mungu kwa kicheko kile.

Kutoka soko la Nakasero hadi kwa daktari ni kilima kifupi. Baba alisimama kuuliza bei ya nanasi. Akapanda kidogo, akasimama tena kuuliza bei ya parachichi. Halafu ndizi. Amefunga, na tangu nimjue hajawahi kununua tunda. Hiyo ni kazi ya Mama. Nilipotambua kwamba anajipumzisha kwa wauza matunda, nami nikaanza kuuliza bei. Tulifika juu tukijua bei za soko zima.

Daktari ni mmoja wa wachache waliobaki mjini. Alimsikiliza kifua, kisha akawasha njiti ya kiberiti, akaishika mbele ya kinywa cha Baba, umbali wa shubiri. Akamwambia aizime kwa pumzi, mdomo wazi, bila kubana midomo. Baba alitabasamu. Jeshini alikuwa mpiga tarumbeta.

Mwali ukainama kidogo, ukasimama tena.

Akajaribu na njiti ya pili. Na ya tatu.

"Basi, Mzee," daktari akasema taratibu. "Viberiti vimeadimika, tusivimalize."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitazama ukuta ili Baba asinione.

Daktari alieleza kwa upole sigara za Baba zimefanya nini, na maneno yake nayaandika hapa nisije nikayasahau. Watu hudhani sigara hukata mkia wa maisha, yaani mtu ataishi vizuri, kisha atakufa mapema kidogo. Sivyo, alisema. Inaanza kabla. Kwanza inakunyang'anya kilima. Halafu ngazi. Halafu njia ya kwenda bafuni. Kaburi huja mwisho. Pumzi aliyokwisha kuiharibu hairudi, ila akiacha leo, iliyobaki atakaa nayo muda mrefu zaidi.

Dawa ya kesho hakuwa nayo.

Nilimfikiria Baba mkubwa kule Bombo. Yeye ndiye kaka, wala hajawahi kuvuta, na bado anapanda baiskeli na gunia la mihogo nyuma. Wakikaa pamoja, wageni humwamkia Baba kwanza wakidhani ndiye mkubwa. Baba huipokea salamu bila kuwasahihisha. Walienda vitani Burma pamoja. Jeshi liligawa sigara pamoja na chakula. Kaka mtu alibadilisha zake kwa sukari, Baba akavuta zake.

Sasa niseme habari ya Mama, nayo ni ngumu kwangu.

Kila Ramadhani Mama humwandalia Baba kisahani chenye tende tatu na sigara moja. Baba hufungua kwa sigara, tende baadaye. Mwaka huu sigara hazionekani madukani, Mama huzifuata Kalerwe kwa mama mmoja anayezificha chini ya nyanya. Ndivyo anavyompenda. Leo nilimweleza yote ya daktari, nikamwomba asiiweke.

"Halima, mtu amefunga kutwa, nami nimnyime?"

Akaiweka. Nilikasirika, mpaka nilipoona vidole vyake vikiinyoosha ile sigara ilale vizuri kando ya tende. Hasira ikaniisha.

Kassimu akaadhini magharibi. Baba alikitazama kisahani. Akala tende moja, akanywa maji. Kisha akachukua kiberiti.

Hakuigusa sigara. Aliwasha njiti, akaishika umbali wa shubiri, akafungua kinywa, akapuliza. Mwali ukainama, ukasimama. Akapuliza tena. Moto ukaendelea kushuka kuelekea vidoleni, naye haitupi.

Mama akainama akauzima kwa pumzi moja.

"Baba Halima, utaungua!"

"Kumbe unayo nyingi," Baba akasema. "Niazime mpaka alfajiri."

Mama alicheka kweli, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Baada ya tarawehe Baba alipita mezani bila kusimama. Sasa amelala nusu ameketi, mito miwili mgongoni. Sigara bado iko kwenye kisahani. Mama hakuiondoa, mimi pia sikuthubutu. Nadhani sote tunaogopa kuigusa.

Jioni moja si kuacha. Najua. Kesho jioni kisahani kitarudi, na keshokutwa pia.

Simwombei Baba miaka mia. Naomba tu kwamba katika ile aliyobakiza aweze kupanda Nakasero bila kuuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

Na je, kesho adhana ikimkatikia tena pale pale? Nitakwenda kumpokea mlangoni, nimbebee viatu.

Nalala saa nne na dakika kumi. Vyombo vya daku nitaviosha mapema, ili wakati wa adhana jikoni kuwe kimya.