Nimelitaja Jina la Baba Mwajuma

Baba,

Wamekupata. Sijui salamu gani inamfaa mtu aliyekaa shimoni miaka yote hii, basi naanza na hilo.

Kaka Hamisi alinipigia nikiwa kazini, nashona abaya. Akasema tume ya ukweli imefukua shimo nje ya Bujumbura, na kwenye mifupa kuna mabaki ya shati, kifungo chake kimoja kimeshonwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Nikazima mashine. Unakumbuka? Nilikuwa na miaka tisa, uzi ulikwisha, nikakishona kwa mshipi wako. Ulicheka, ukasema, "Leo navua mukeke kwa shati." Asubuhi ile ile jirani yetu, Baba Mwajuma, akaja na watu wenye bunduki. Akakuita kwa jina: "Njoo, tuzungumze kidogo tu." Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona.

Sasa sikia. Mwajuma, binti yake, ndiye aliyenitafutia kazi hapa Muscat. Miaka minne tumekaa chumba kimoja, mtaa wa Ansab, tunakula sahani moja. Siku ile hatukuwahi kuitaja, nilidhani hajui. Tume ilipoomba ushahidi wangu kwa simu, nilimwambia yeye kwanza. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Sema ulichokiona," akasema. "Usipunguze. Ila usiongeze."

Kumbe alijua.

Nikasema, Ijumaa baada ya swala, nimekaa kitandani, simu nimeiegemeza kwenye mto. Baba Mwajuma nilimwona kwenye kioo cha simu, mzee, ana fimbo. Walipomuuliza, akajibu, "Vilikuwa vita." Basi. Nilingoja alitaje jina lako, Baba. Nilingoja mpaka simu ikakatika.

Hamisi anasema huenda wasimfunge, kwa uzee wake. Na majirani wanamwambia Hamisi aache kufukua ya zamani, amani yenyewe bado changa.

Mwajuma amehamia Mawaleh. Sufuria kubwa kaniachia, kachukua ndogo. Sijui nimkasirikie au nimwombe radhi. Kuna asubuhi namlilia yeye kuliko ninavyofurahi kwamba umepatikana. Nisamehe.

Likizo nimepewa. Nakuja, uzikwe kwa sanda na dua kama mtu mwenye watu wake. Wakiniita tena, nitasema tena. Na nikirudi huku nitakwenda kubisha mlango wa Mwajuma, hata asiponifungulia.

Mungu akurehemu, Baba. Vumilia siku chache tu, tunakuja kukuchukua.

Mwanao,
Zuhura