Jenerali Telyagin na Majiko Aliyoyaondoa Kilimani

Mwaka umetimia, Nikanor Yevgrafovich Telyagin, tangu tulipokulaza katika udongo wa Kaluga, uliokuwa mgumu hata wachimbaji wakalazimika kuukokea moto kwanza ndipo ukubali jembe. Ulikuwa umekwenda kumzika askari wako mmoja mstaafu. Ukavua kofia kwenye theluji na kusimama hivyo ibada nzima, ukarudi nyumbani unakohoa. Risasi za Waturuki zilishindwa nawe, mizinga ya Wajapani ikashindwa nawe, ukaja kuuawa na adabu. Mkeo Glafira bado hajakusamehe.

Ulivalishwa sare ukiwa na miaka kumi, katika shule ya makadeti, na mama yako alilia kwa kuwa mikono ya koti ilikufika magotini. Ukiwa luteni ulipigwa risasi ya mguu katika vita vya Waturuki, na tangu hapo mguu wako wa kushoto ukawa unatabiri mvua vizuri kuliko gazeti. Ikafuata miaka zaidi ya ishirini ya kambi za mbali, ambako vyeo vilikuja kama treni za huko: vilichelewa, na vingine vilipita bila kusimama. Wenzako waliojua kucheza dansi walipata ujenerali wakiwa na nywele nyeusi. Wewe uliupata ukiwa huna nywele za kuzungumzia.

Kila siku kambini, kabla ya askari kula, uliletewa chakula chao ukionje. Ndiyo desturi ya jeshi, na wakubwa wengi hugusisha kijiko mdomoni kisha huenda zao kwenye meza yao wenyewe. Wewe ulikuwa unamaliza bakuli. Na nyumbani ulifanya vilevile. Ulikuwa ukiingia jikoni na koti lako, unafunua chungu cha supu ya kabichi, unaonja umesimama wima, halafu unamtolea mkeo hukumu kana kwamba nyuma yake imejipanga kombania nzima: "Kinafaa. Ongezeni chumvi." Miaka thelathini na mmoja, Nikanor. Siku moja Glafira akakuuliza aongeze yeye na nani. Ukatazama huku na huku ukilitafuta jeshi, ukaenda kuchukua kopo la chumvi mwenyewe.

Tuseme sasa lile ambalo nyumba hii imelikwepa mwaka mzima.

Kule Manchuria, katika vita vya Wajapani, brigedi yako ilishika kilima ambacho askari walikiita Upara, kwa heshima ya kichwa chako. Siku ya tatu ya mapigano, adhuhuri, majiko yako ya magurudumu yalionekana yakiondoka. Jioni brigedi nayo ikaondoka, na amri ya kuondoka haikuwa imefika. Tume ya uchunguzi ikayaunganisha hayo mawili: mkuu anayetanguliza vyungu vyake adhuhuri, ameshaamua adhuhuri kukimbia. Walikuhoji mara mbili. Ukafa kabla hawajatoa uamuzi, na mpaka leo hawajautoa.

Mkeo ulimwambia neno moja tu: "Niliyapeleka yanakohitajika." Hakukuuliza zaidi. Mke wa askari hujifunza mapema maswali yapi hayaulizwi, na tangu ulipoondoka amejuta kila kulipokucha. Watu walidhani anaiogopa tume. Tume ilikuwa nafuu. Aliogopa kwamba huenda wanayosema ni kweli, na kwamba amelala miaka yote hiyo kando ya mtu asiyemjua.

Basi akawa hana raha. Tarishi akikanyaga barazani, yeye anashika kifua. Alishona upya vifungo vya sare yako ambavyo havikuwa vimelegea. Mke wa ofisa mmoja alimsalimu kanisani akiwa ameinamisha macho, na Glafira akarudi nyumbani kuichambua salamu ile siku mbili: ni dharau, au ni theluji tu ilimwingia machoni? Dada yako Pelageya, ambaye amezika waume wawili na bado anacheka, akamwambia kwamba akiendelea hivyo atafika kaburini kabla tarishi hajafika na barua ya tume.

Ulipokaribia mwaka, kaka yako Savvaty, kanali mstaafu, akaja na maneno ya tangazo hili ameshayaandika. Lilikuwa na mistari mitatu. Alishauri tuseme ulilitumikia jeshi miaka thelathini na sita, basi, Manchuria tuiache ilale. Tukiigusa kabla ya tume kusema, kikosi hakitaleta hata mpiga tarumbeta kaburini. Pelageya akamwambia kwamba anaogopa hata kivuli cha karani. Glafira angebisha vipi, na yeye mwenyewe hajui?

Wiki mbili zilizopita akabisha hodi mtu mwenye ndevu, amefika mjini juu ya gari la theluji lililobeba nyasi. Alikuwa Yefim Kvashnin, mpishi wa kombania ya pili. Alitaka kujua tu siku ya ibada. Pelageya akammiminia chai. Glafira hakukaa, alishika ukingo wa meza.

"Yefim," akasema, "siku ile pale Upara, majiko mliyapeleka wapi?"

"Mkono wa kulia, mama mheshimiwa. Kwa kikosi cha Wasiberia. Mizinga ilikuwa imeyavunja majiko yao, siku ya pili hawajatia kitu tumboni. Mzee akaonja supu yetu, akasema inafaa, pelekeni kule."

"Na nyinyi mlikula nini?"

"Sisi tulishinda na matusi, mama. Tulimtukana mpaka jioni. Mimi hasa."

Pelageya alicheka. Glafira hakucheka, maana swali lenyewe lilikuwa bado.

"Kisha akakimbia?"

Yefim akaweka kikombe chini. Alifikiri kwa muda ambao Glafira anaapa kwamba ulimwongezea mvi.

"Tulirudi nyuma, siwezi kukudanganya. Risasi ziliisha. Alituma mjumbe kuomba amri, hakurudi. Akatuma wa pili, hakurudi. Akasema wa tatu hamtumi, ana mama. Majiko yaliporudi matupu akaamuru tupakie majeruhi juu yake. Mimi nilibeba sita, wengine wamekalia vyungu vya moto wanapiga kelele. Yeye alikuwa nyuma yetu wote anachechemea. Nikamwambia, mzee, panda. Akaniambia hakuna nafasi, niangalie mbele." Akajifuta ndevu. "Kukimbia, mama? Na mguu ule?"

Glafira akamuuliza kwa nini tume haikuyasikia haya. Yefim akasema jenerali aliwaambia, lakini Wasiberia walioila ile supu wengi wao wamelala kulekule, na yeye hakuitwa. Nani anamuita mpishi kutoa ushahidi?

Ndipo mkeo akakaa. Akalia kidogo, kisha akakulaumu kwa sauti, tena kwa jina lako na la baba yako, kama alivyokuwa akifanya ukiingia na matope. Ungemwambia, Nikanor. Ilikuwa habari ya dakika tano.

Maelezo ya Yefim yaliandikwa mbele ya padri, naye Yefim akatia alama yake chini. Yametumwa kwa tume. Hakuna jibu. Savvaty akaleta tena mistari yake mitatu, na Glafira akairudisha mezani. "Andikeni kilima," akasema. "Andikeni alirudi nyuma, na andikeni alirudi wa mwisho." Savvaty akachukua kofia yake, akafika mlangoni, akageuka, akaitundika tena.

Ibada ni Alhamisi saa nne asubuhi, kaburini kwako. Ngano ya asali na chapati za maji zinaandaliwa za watu mia mbili. Kikosi hakijajibu kama kitakuja, na roho zetu ziko juu. Glafira amekwenda dirishani mara nyingi tangu tuanze kuandika. Pelageya anasema wasipokuja tutakula wenyewe mpaka Kwaresima itukute hapo mezani.

Wanaokukumbuka: mkeo Glafira Osipovna, dada yako Pelageya, kaka yako Savvaty, aliyetia sahihi baada ya kufikiri, wajukuu wako wanne, na Yefim Kvashnin, mpishi, ambaye Glafira ameagiza aandikwe hapa pamoja na jamaa.

Hutatoka mioyoni mwetu siku zote za maisha yetu, tume iseme isemalo.