Seng'enge ya Kanisa

Bukoba,
28 Novemba, 1971

Kwa Baba yangu mpendwa, Mwinjilisti Kaijage,

Shikamoo, Tata. Ningekuwa hapo Buganguzi ningepiga magoti kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni nikakuamkia inavyopasa. Kwa kuwa niko mbali, pokea heshima yangu kwa karatasi hii. Kifua kinaendeleaje? Na Mama, miguu imeacha kuvimba, au anajifanya mzima ili asikatazwe kwenda kibanjani kupalilia migomba? Sisi huku hatujambo. Watoto wanasoma. Mkweo Elieza amekonda, na sababu utaiona mbele. Senene mliotutumia kwa basi walifika, na watoto walinyang'anyana wa mwisho mpaka nikawatenganisha.

Nilipoolewa ulinionya kwamba mke wa mchungaji asiwe mwepesi wa kueneza habari za usharika. Nimejizuia tangu Pasaka. Leo siwezi tena, na ni afadhali uyasikie kwangu kabla hayajakufikia kwa abiria wa Muleba.

Unajua kanisa letu lilivyojengwa. Mawe yalipandishwa kutoka bondeni na watu wote wa kilima hiki, sisi Walutheri, Wakatoliki, na Waislamu wa nyumba za chini. Balozi wa nyumba kumi alipita akiwahimiza, akasema huko ndiko kujitegemea. Jirani yangu Shamsia, anayekaanga maandazi, alibeba mawe akiwa na mtoto mgongoni. Hakuna aliyemwuliza kama atasali humo. Na njia ya watu wa chini kwenda barabarani ilikatiza kiwanja chetu tangu kabla ya kanisa. Ndiyo waliyopitia kwenda sokoni na hospitali.

Baada ya Pasaka, Mzee Josia Byabato, yule uliyemfundisha kipaimara, alilalamika kwenye baraza la wazee. Alisema wanawake wanapita na ndoo kichwani wakipiga soga wakati wa sala, na mbuzi wao wanaacha kinyesi mlangoni. Nyumba ya Mungu, alisema, lazima ionekane kuwa ni nyumba ya Mungu. Sikatai kwamba mbuzi walikuwa wakiingia; mimi mwenyewe nimefagia kinyesi chao. Lakini dawa ya mbuzi ni kamba. Baraza likaamua kiwanja kizungushwe seng'enge. Lango la juu, upande wa barabara, linafunguliwa siku za ibada. Lango la chini, linalotazama nyumba za majirani, likapigwa kufuli, na ufunguo Byabato akautia katika mfuko wa koti lake. Majirani wakaanza kuzungukia bondeni, kwenye tope, kisha wapande tena nyuma ya mashamba.

Nilimwuliza Elieza kwa nini alikubali. Alinijibu kwamba mchungaji ana kura moja kama wengine. Nikamwuliza hiyo moja aliitumiaje. Akasema chai imepoa.

Mwezi wa nane wakafanya mkutano wa injili, wiki nzima. Kwaya ilifanya mazoezi mpaka sauti zikakauka, wakaazima na kipaza sauti. Kutoka nyumba za chini hakuja mtu. Basi baraza likaunda kamati ya kuchunguza namna ya kuwafikia majirani. Ndiyo, Tata, kamati. Wakakaa sebuleni kwangu jioni nyingi wakinywa chai yangu. Mmoja alisema watu wa hapa wana mioyo migumu. Mwingine akasema ni ulevi wa lubisi. Byabato akasema tuchape vikaratasi tuvigawe nyumba kwa nyumba. Nilikuwa naweka vikombe mezani, nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia majirani hawahitaji karatasi, wanahitaji lango. Waliotubebea mawe tumewageuza wezi wanaonyemelea kiwanja. Byabato akanishukuru kwa chai, akasema kwa upole kwamba mama mchungaji amechoka, apumzike. Elieza alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Jumapili moja ya Septemba, mvua ikinyesha, nilikuwa nimeketi na watoto kwenye dirisha la upande wa chini. Elieza alikuwa amefika katikati ya sala ya kanisa. Nikasikia mtu anagonga lango kwa jiwe. Nikachungulia. Alikuwa Karugendo, Mkatoliki anayekaa chini ya mtaro, pamoja na wanaume wa jirani, na machela mabegani. Juu ya machela alilala mkewe Ephrasia, amefunikwa blanketi, uchungu umemshika tangu jana yake na mkunga amewaambia wakimbilie hospitali. Bondeni maji yalikuwa yamejaa, ndiyo maana walijaribu kwetu.

Niliinuka nikaenda mbele hadi kwenye kiti cha Byabato, nikamwinamia, nikamwomba ufunguo, nikamwambia kuna mgonjwa langoni. Aliinua kidole kimoja kunionyesha ningoje, amefumba macho. Nikarudia. Akanong'ona, "Mama, sala kwanza." Nami nikangoja. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, Tata, kwamba nilisimama pale kama mtoto wa shule, nikangoja. Tukawaombea wasafiri, tukawaombea wagonjwa, tukaliombea taifa na viongozi wake. Baada ya amina akanipa ufunguo. Nilipofungua hapakuwa na mtu, ila nyayo za kuteremka.

Niliwakuta bondeni. Machela ilikuwa imewekwa chini ya migomba na Shamsia alikuwa amepiga magoti kwenye maji. Mtoto alikuwa ameshazaliwa. Hakulia. Ephrasia mwenyewe alipona, walimfikisha hospitali jioni ile. Muuguzi alisema huenda mtoto alikuwa amechoka mno tangu nyumbani, hata wangewahi asingeishi. Namwamini, kwa sababu hakuna anayejua. Byabato naye aliyashika maneno hayo ya muuguzi na hajayaachia hadi leo.

Tulikwenda matangani, mimi na Elieza. Karugendo alitupa viti, akatupa kahawa ya kutafuna, akamshukuru mchungaji kwa kuja. Kuhusu lango hakusema neno. Heri angetutukana. Elieza aliporudi nyumbani alikaa na koti lake mwilini mpaka giza likaingia.

Nilidhani sasa lango litafunguliwa. Baraza lilikutana, likajadili, likaamua utafutwe ufunguo wa pili, uwekwe kwa mtu atakayeteuliwa. Oktoba ikaisha. Mtu hakuteuliwa. Kamati ya kuwafikia majirani ikaendelea na vikao vyake.

Mwanzoni mwa mwezi huu seng'enge ya upande wa chini ilikutwa imekatwa, nguzo mbili zimeng'olewa, na njia ya zamani iko wazi kama ilivyokuwa. Byabato alikwenda moja kwa moja kwa balozi akamshtaki Karugendo. Alisema ni kisasi, na kila mtu anajua sababu aliyo nayo. Karugendo alipoulizwa alijibu kwamba hakukata, lakini aliyekata Mungu ambariki. Kwa jibu hilo wakajiandaa kumpeleka mahakama ya mwanzo.

Tata, waya ule niliukata mimi. Niliazima koleo kwa fundi baiskeli, nikaukata mchana kweupe, wanaume wakiwa kwenye mnada wa kahawa, na Shamsia akanishikia nguzo. Sikuficha, ila hakuna aliyepita kuniona. Nilikusudia kumwambia Elieza jioni hiyo hiyo, nikakosa ujasiri, na kesho yake wakawa wameshamtaja Karugendo.

Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama nikasema. Nilisema Karugendo hana hatia na koleo liko jikoni kwangu. Kisha nikaketi. Kesi ikaisha hapo. Balozi alimwambia Karugendo arudi shambani kwake, na Byabato hakumwomba radhi.

Baraza likaniita. Wakaniuliza kama natubu. Nikasema natubu kwa kungoja ile sala iishe. Wakasema hawaulizi hilo, wanauliza waya. Nikawaambia waya sitautubia. Basi nimewekwa chini ya marudi. Sitashiriki Meza ya Bwana mpaka nipige magoti mbele ya usharika na kuomba msamaha kwa kuharibu mali ya kanisa. Na kwa taratibu zetu majina ya waliotengwa husomwa na mchungaji. Elieza alisoma jina langu. Alilisoma lote, Kokuhirwa binti Kaijage, kwa sauti ile ile anayotangazia ndoa. Waya ulirudishwa siku ya pili, mpya, mnene kuliko wa kwanza.

Nilikasirika naye kiasi cha kulala na watoto. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la nyuma kabisa. Elieza aliwahudumia watu wote mezani, safu kwa safu, Byabato akiwa wa kwanza. Unajua mchungaji hushiriki mwishoni. Alishika kikombe, akakitazama, akakirudisha na kukifunika. Wengi hawakuona. Leo tena amefanya vivyo hivyo, na leo wazee wameona. Nilipomwuliza, alisema alijaribu akashindwa. Hawezi kula mahali alipomfukuza mkewe. Wazee wanasema wataandika kwa wakubwa, na huenda tukahamishwa kabla ya mwaka mpya. Ndiyo sababu ya kukonda kwake.

Wengine wangelia kwa furaha kuwa na mume wa namna hii. Mimi nimelia, lakini bado nina hasira, nawe ndiye pekee ninayeweza kumwambia. Ningependa afungue mdomo wake barazani kuliko kuufunga mezani. Kikombe chake kinanifariji mimi. Ephrasia hakimfai kitu. Jana nilimwona akizungukia bondeni na mkungu wa ndizi kichwani, bado hana nguvu, akisimama kila baada ya hatua chache, na kanisa lipo pale juu limefungwa, safi, halina kinyesi cha mbuzi.

Najua ulitarajia kuja Noeli kumwona mjukuu wako mdogo akibatizwa. Njoo. Utanikuta benchi la nyuma, na nakuomba usinishauri nipige magoti kwa ajili ya jina lako. Wala sikuombi unitetee kwa Byabato, ingawa anakuheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai. Ninaloomba ni dogo. Atakungoja barabarani na viti vimeshapangwa kwake. Mwambie asubiri. Zungukia bondeni kwanza, kwa miguu yako, ukaketi kwa Karugendo na Ephrasia mpaka wakupe kahawa. Watu wote wa kilima watakuona unapopita, na Byabato atakuona.

Msalimie sana Mama, mwambie miguu aiweke juu akikaa. Salamu kwa ndugu yangu Kokushubila na wanawe, na kwa waumini wote wanaoniulizia. Wakiuliza habari za kanisa letu, waambie limepakwa chokaa. Elieza anakusalimu kwa heshima. Hajui kwamba nimeandika, nitamwambia leo wakati wa chakula.

Bwana akulinde, Tata waitu.

Ni mimi binti yako mtiifu, kwa yale ninayoweza kutii,
Kokuhirwa