Simu Niliyoikana

Bakari,

Nimechoka na watu wa nyumba hii. Kila nikishika kalamu, binti yangu anakuja kuninyang'anya: "Baba, daktari kasema upumzike." Nipumzike nini? Nitapumzika huko uliko wewe, na kabla sijafika nataka uwe umelisikia jambo hili kutoka kwangu. Nakuandikia Kiswahili kile tulichokua nacho Unguja, tulichosemezana kambini wenzetu wakatucheka.

Unazikumbuka nyumba nane za bati nyuma ya kambi? Zilikuwa wazo langu. Mamluki walipoishika kambi ya Moroni, mkuu wao alitaka aonekane anawajali askari. Akaniagiza mimi, karani wa familia za askari, nimwandikie namna ya kuwatuliza wenye wake mbali. Nami, msomi, nikaandika: wake zao waletwe. Kurasa nne, Kifaransa kizuri. Ningemuuliza bibi yeyote wa Ntsoudjini angenicheka. Kwetu, kwenye visiwa hivi vya wazee wetu, mume ndiye anayehamia. Nyumba ni ya mwanamke, kajengewa na baba yake, na hatoki humo kumfuata mwanamume kama mzigo. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Lakini fomu iliuliza makazi ya mume, nami nikaijaza fomu.

Nyumba zikaisha, zikakaa tupu. Hakuja hata mke mmoja. Mkuu akasema Jumatatu ijayo anakuja na mpiga picha, na asipokuta familia, karani ajitafutie kazi nyingine.

Nikapiga simu posta ya Mutsamudu, kisiwani kwa mkeo. Nikamwomba yule bwana wa posta ampelekee mkeo Zaharia habari: mumeo mgonjwa sana, njoo.

Ni mimi, Bakari. Ni mimi niliyepiga.

Alikuja na meli ya Jumamosi, mtoto mgongoni, ufunguo wa nyumba yake kaufunga kwenye pindo la shiromani aliyojitanda. Akakukuta uwanjani unacheza mpira! Wenzako walivyocheka: "Mgonjwa gani huyu, anakimbia kuliko mbuzi!" Wakasema kaja kukuchunguza. Nawe na kichwa chako kigumu ukaona haya mbele yao. Akakwambia aliitwa. Ukanijia ofisini, jasho halijakukauka: "Karani, habari zote za kambi zinapita kwako. Ulimwita?"

Nikasema, "Sijapiga simu popote." Sikuinua hata macho. Nilikuwa nagonga mihuri.

Na wewe nawe! Uliuliza mara moja tu. Ungeuliza mara ya pili ningesema, nakuapia. Hukuuliza. Jumatatu picha ikapigwa, Zaharia kasimama mlangoni pa bati kanuna, na kabla ya Ijumaa ulishampa talaka kwa uongo ambao hakuusema. Mwaka uliofuata gari la kambi likapinduka nawe kwenye njia ya Vouvouni. Hakukaa eda, kwa kuwa hakuwa tena mkeo. Hakuna aliyekwenda kumpa pole. Na mkono huu ndio uliomfuta kwenye orodha ya familia za askari, yeye na mtoto wako pia, maana fomu haikuwa na nafasi ya mtoto ambaye mama yake hayumo. Fomu! Maisha yangu yote nimeyatumikia makaratasi ya kipumbavu.

Mamluki waliondoka zamani. Zile nyumba zilifugiwa kuku, kisha zikabomolewa. Zaharia yupo, kwenye nyumba ileile. Mutsamudu hadi leo wanamwita Bi Simu, kwa simu wanayodhani aliitunga. Hata watoto waliozaliwa juzi.

Mwezi uliopita alikuja Moroni kutazamwa macho. Nikamtumia mtu, akaja, akaketi kando ya kitanda changu. Nikamwambia kila kitu nikilia. Nilitegemea anisamehe, au anipige kofi. Alinitazama kama mtu aliyecheleweshwa safari.

"Unaniambia mimi? Mimi siku zote nilijua niliitwa. Kawaambie wasiojua."

Akamaliza chai yake, akaondoka.

Nilikasirika, Bakari. Siku tatu nzima nilikasirika. Nilitaka msamaha nikiwa nimelala, mto chini ya kichwa, nife vizuri. Halafu nikaona ana haki, na hilo likaniudhi zaidi.

Basi nakuahidi. Alhamisi napanda ndege kwenda Mutsamudu. Binti yangu anapiga kelele, apige. Ijumaa, watu wakishaswali, nitasimama mbele yao, na miguu ikikataa nitakaa, nitaje jina langu, niseme nani alipiga simu ile na nani aliikana. Nikifa njiani, barua hii itakuwa mfukoni mwangu, na mkwe wangu ameapa kuisoma yote, hata pale nilipokutukana.

Kwaheri, ndugu yangu. Ukiniona nakuja, usiharakishe kunikumbatia. Kwanza uniulize kama nilifika Mutsamudu. Na safari hii uniulize mara mbili.