Drocella Wawili, Bahasha Mbili

Mupendwa mushauri Shangazi Connie, naomba musaada, niko na barua ndani ya bahasha tangu siku kumi na mbili na mukono inakataa kuituma. Jina yangu sitaificha kama wengine, juu jina njo shida yenyewe: naitwa Mukashyaka Drocella, niko fundi wa kushona hapa Nengo, mujane, sijakopa hata chumvi kwa jirani. Mwezi uliopita nilienda kuomba mukopo ya mashini mupya, maana ile ya zamani inakula vitenge vya watu, karani akaangalia kompyuta akasema, "Mama, iko deni juu yako, ya mbegu ya viazi, hujamaliza kulipa." Viazi! Mi! Viazi yenyewe nanunua sokoni!

Akanipa karatasi ya ile ofisi ya Kigali yenye inaandika madeni ya watu wote, nikasoma, nikaketi chini. Shangazi, jina ni yangu, yote mawili, na tarehe ya kuzaliwa ni yangu, tarehe moja mwezi wa kwanza, vile walituandikia sisi wote wenye wazazi hawakujua siku; lakini mahali wameandika Nyakiriba. Mana we! Kumbe iko mimi mwingine, analima, anakopa, anaamuka kila asubui, na mi sijue!

Karani akasema niandike barua ya kupinga, nitume kwa posta ao kwa faksi. Niliandika. Nikaenda sekretariati ya Bahizi, mwenye anaandikia watu barua kwa kompyuta, yeye njo bado iko na ile mashini ya faksi, akanionesha vile karatasi inaingia hapa na maneno yake inatokea Kigali palepale, na karatasi yenyewe inabaki kwako. Nilishangaa mupaka nikasahau kupumua. Bon, nikasema, mbele ya kutuma maneno kwamba huyu mutu si mimi, nimuone kwanza kwa macho. Nikapanda moto, ile pikipiki ya kubeba watu, mupaka Nyakiriba, na kitenge ndani ya mufuko, maana mutu haendi kwa majina yake mikono mitupu, si unajua majina njo vile tunaitana watu wa jina moja.

Shangazi, nilimuona. Nilipotaja jina yangu aliachia jembe, akanishika mashavu na udongo yote kwenye mikono, akalia, "Majina yangu! Kumbe Mungu alituumba wawili!" Tukalia, tukacheka, akapika viazi, akaniketisha kwenye kiti ya marehemu bwana yake, maana na yeye mujane. Ukutani niliona karatasi nyingi zimetobolewa kwenye musumari, zenye muhuri ya bluu, nikajua ni za kanisa. Akaniambia mwaka huu wamemunyima mukopo ya mbegu, hajue sababu. Habari ya deni sikuitaja. Nikasema nimekuja kumusalimia tu. Donc sasa nikituma hii barua, deni yote itamuangukia yeye, na kwetu mutu hamuumize majina yake, ni kujiuma mwenyewe; nikikaa nayo, mashini napoteza, wamenipa mupaka mwisho wa mwezi, na watoto wawili wa shule wanakula kwenye ile sindano. Nifanye nini?

Mukashyaka Drocella, Nengo

JIBU

Drocella wa Nengo, pole, na hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Vilima vyote hivi, na kosa la ofisini likakupeleka hadi mlangoni kwa mtu mwenye jina lako, siku yako na ujane wako! Mimi nimezaliwa Tabora, nimerudi huku nyumbani kwa wazazi wangu, sasa miaka ishirini na tano, nikadhani hakuna jambo litakaloniacha mdomo wazi. Umeniweza.

Sasa nikugombeze. Umekula viazi vya mwenzio ukanyamaza, ee mama! Unaogopa barua yako itamtwika deni? Barua yako inasema jambo moja tu, kwamba wewe si yeye, na hilo ni kweli. Deni kama lipo, ni lake tangu zamani. Lakini macho yako uliyaweka wapi? Karatasi zenye muhuri, moja juu ya nyingine kwenye msumari: kanisa gani hilo linalotoa risiti zote hizo? Siapi, ila nadhani ulikuwa umekaa mbele ya deni lililokwisha kulipwa. Naye kanyimwa mbegu bila kujua sababu, na huenda sababu ni mstari huohuo wa deni ulio kwenye karatasi yako. Ukashuka nayo mfukoni bila kumwonyesha.

Kwa hiyo kesho panda tena Nyakiriba. Mwambie yote kabla hujaketi. Ziteremsheni zile karatasi mzisome. Akiwa amelipa, naye aandike barua yake ya kupinga; akiwa hajamaliza, ajue amebakiza nini, maana hiyo ni heshima kuliko kitenge. Katika barua yako, zungushia kalamu ule mstari wenye kosa na uandike namba ya kitambulisho chako. Tarehe moja mwezi wa kwanza wanayo maelfu. Namba hiyo unayo peke yako. Ndani ya bahasha weka nakala, nasema nakala, karatasi halisi zisitoke nyumbani. Tuma posta kwa rejista, risiti uitunze, na nakala ya barua mpe karani ajue umepinga kabla mwezi haujaisha. Ukitaka faksi ya Bahizi, usiondoke mpaka mashine itoe kikaratasi cha kuonyesha imefika, kisha piga simu Kigali uulize nani kaipokea. Kushangaa kumetosha, sasa fuatilia.

Na akiwa naye ana la kupinga, mkimaliza kuandika, ketini meza moja, kila mtu atie sahihi yake. Kisha tumeni bahasha mbili siku moja. Hao wa Kigali watafungua ya kwanza: Mukashyaka Drocella. Watafungua ya pili: Mukashyaka Drocella. Wataona mwandiko wa fundi na mwandiko wa mkulima, nao waketi chini kama ulivyoketi wewe.

Shangazi Connie